Ukuta wa Siyu, Shamba la Magwagwa

Magwagwa, Nyamira
19 Februari 2023

Fundi Lali,

Shikamoo. Ningekupigia simu, lakini masikio yako yamemalizwa na nyundo ya miaka hamsini, na mimi sitaki kupiga kelele hadi Siyu nzima ijue mambo yangu. Kwa hiyo nimerudi kwenye kalamu na posta ya Nyamira.

Tulimzika baba tarehe tisa. Kwetu baba anaitwa tata, na mama ndiye anayeitwa baba. Unakumbuka ulivyocheka siku nilipokueleza. Mvua ilitunyeshea tangu kanisani hadi kaburini. Kwaya ya Waadventista iliimba bila kukatiza, na mama yangu, Drusilla, alisimama wima kama mtu anayesubiri kuitwa ofisini. Hakulia. Hajasema mengi tangu siku hiyo.

Baada ya siku tatu tulikaa kusoma karatasi aliyoacha tata. Aliiandika mwenyewe, kwa mwandiko wake wa ukarani, akaweka sahihi na tarehe. Shamba la juu na majani chai mengi ni ya ndugu yangu Gibson. Mistari ya chai iliyo karibu na nyumba ni ya mama, achume mpaka siku yake. Na robo eka ya chini, inayoteremkia mtoni, ni ya Gesare. Hakuandika "kama hataolewa" wala "mpaka atakapoolewa." Aliandika tu "ya Gesare."

Gibson aliikunja karatasi akaiweka mfukoni. Akasema tata alikuwa mgonjwa alipoiandika, na kwamba shamba la mwanamke liko kwa mumewe. Nilimwambia sina mume. Akasema hilo si kosa la shamba.

Nina miaka thelathini na sita, Fundi. Nimechora kuta za watu wa pwani kwa miaka sita, nikilala kwenye vyumba vya watu, na sijawahi kutamani ardhi. Lakini tangu ile karatasi iingie mfukoni mwake, nakwenda kuiangalia ile robo eka kila asubuhi. Sitaondoka Magwagwa mpaka jambo hili liishe.

Usiwe na wasiwasi kuhusu kazi. Nachora kila siku. Picha za nyumba yako nimezipanga kwenye jiko la zamani la mama, mbali na moshi. Wenye ukumbi wa Nairobi wanataka kunifanyia maonyesho Septemba, na nitakuwa tayari.

Nisalimie Bi. Mwanaesha, dada yako. Mwambie nakosa mkate wake wa sinia.

Wako,
Gesare Ongeri


Siyu
14 Machi 2023

Mwanangu Gesare,

Marahaba. Waraka wako umenifika, nami nimeusoma mara tatu. Mola amrehemu babako. Mtu aliyekuandikia jina lako peke yake, bila kulifunga kwa jina la mwingine, alikuwa mtu.

Siku ya kwanza ulipokuja kwetu na vile viti vyako vya miguu mitatu vya kusimamishia picha nalikudharau, nawe wajua. Nalisema, huyu wa bara amekuja kuchora nyufa. Ukakaa ndani ya nyumba ya babangu siku kumi na moja ukitazama ukuta mmoja tu, ule wa zidaka, wala hukupaka rangi hata tone. Siku ya kumi na mbili ukaniuliza kwa nini vijishimo vya juu ni vidogo kuliko vya chini. Hapo nikajua una macho. Mafundi wangu niliowafunza miaka kumi hawakuwahi kuniuliza.

Hapa twajiandaa na Ramadhani. Dada yangu nimempeleka Faza kwa bintiye, akae huko hadi Idi. Twatengeneza dari, boriti tatu zimeliwa na mchwa. Nyumba ni nzima, nawe usiifikirie.

Nakunasihi jambo moja. Huyo ndugu yako mwachie. Robo eka ni nini? Watu wa tumbo moja wakigombania kipande cha udongo, udongo hubaki na wao hupotea. Rudi, uchore. Chumba chako kipo.

Mimi,
Lali Shee


Magwagwa
23 Aprili 2023

Fundi Lali,

Idi njema, ingawa barua itafika imechelewa.

Nimesoma nasaha yako na sikuifuata. Nataka nikueleze kilichotokea, kisha useme kama ungenyamaza.

Jumapili iliyopita Gibson aliita wazee nyumbani. Walikuja tisa. Mkubwa wao ni Mzee Obwocha, aliyekuwa karani wa soko, na pembeni alikaa Cleophas, mzee wa kanisa letu. Wanawake waliketi nyuma, mama akiwa katikati yao. Mimi nilikaa mbele, na hakuna aliyeniambia nihame, nadhani kwa sababu hawakujua waseme vipi.

Gibson alizungumza vizuri. Alisema jinsi alivyomuuguza tata na jinsi nilivyokuja mara moja kwa mwaka. Hayo ni kweli, na niliyakubali. Kisha akaingia jikoni akatoka na kitu kilichofunikwa kwa shuka. Ilikuwa picha yangu, ile kubwa ya ukuta wako wa zidaka. Alikuwa ameingia kwa vitu vyangu bila kuniuliza.

Akaisimamisha juu ya kiti cha tata. Akasema, "Wazee, tazameni. Huu ni msikiti. Dada yangu ameshabadilisha dini na ana bwana huko pwani. Tukimpa shamba, tumempa mtu ambaye hatumjui."

Wazee waliinuka mmoja mmoja kuitazama. Cleophas alitikisa kichwa. Mzee Obwocha alisogea karibu sana, akavaa miwani, akaangalia kwa muda mrefu kuliko watu wengi wanavyoangalia kule Nairobi. Akaniuliza vile vishimo ni vya nini.

"Ni vya kuwekea vitu unavyovipenda," nilimjibu. "Sahani, vitabu, taa. Mgeni akiingia anaviona."

"Si vya kuombea?"

"Hapana, Mzee. Ni kabati, ila aliyeijenga alikuwa na subira."

Watu wakacheka kidogo. Nilisimama. Nikasema mimi bado ni Mwadventista, ila hata ningekuwa Mwislamu, karatasi ya tata haikutaja dini. Nikasema sina bwana, ila hata ningekuwa na watatu, karatasi ya tata haikutaja bwana. Nikamwomba Gibson aitoe aisome mbele ya wazee. Akasema ameiacha Nyamira mjini. Mzee Obwocha akavua miwani.

Wakaenda kuongea karibu na zizi. Waliporudi walisema nimeruhusiwa kulima hapo mpaka nitakapoolewa, kisha pawe pa Gibson, na nishukuru.

Sikushukuru. Niliwaambia, "Sikuja kwa tata kama mgeni wa kukaribishwa. Nilizaliwa humu. Hapo nitajenga."

Hakuna mwanamke aliyesema neno, Fundi. Wala mama. Nilimtazama mama yangu ili angalau anitazame, naye alikuwa akipanga pindo la leso yake. Hilo liliniuma kuliko maneno ya Gibson.

Kesho yake nilianza kuchimba msingi. Jirani yetu Ruth, mjane, alikuja na jembe lake bila kuitwa. Tumechota mawe mtoni kwa siku nne. Nataka nyumba yenye ukuta wa zidaka kama wako, wa urefu wote, na plasta ya chokaa. Niambie nifanye nini. Hapa hakuna matumbawe, kuna udongo mwekundu tu, na mvua haikatiki.

Kuna jambo jingine, dogo. Wale wa Nairobi wameniandikia kwamba picha za pwani ni nzuri, lakini msanii Mkisii angependeza zaidi akichora kwao: wachuma chai, migomba, mawe ya kuchonga ya Tabaka. Nimewajibu kwamba huku kwetu naambiwa nachora misikiti na huko kwao naambiwa nichore ndizi, na kwamba nitaleta nilichokiona kwa macho yangu au nisilete kitu. Hawajajibu bado.

Wako,
Gesare


Siyu
20 Mei 2023

Gesare,

Chokaa bila matumbawe haitakushikia katika mvua hiyo. Usiige. Choma matofali ya udongo wenu, tena uyachome hata yakigongwa yalie. Zidaka waweza kuzijenga kwa matofali, lakini usizidishe safu tatu, na kila safu iwe nyembamba kuliko ya chini yake, vinginevyo jicho litachoka. Paa liwe na upenu mrefu wa kukinga ukuta. Nyumba huvaa vazi la kwao.

Barua zako sasa usizitume nyumbani. Tuma kwa duka la Obo, karibu na gati. Na hayo ya ndugu yako usiniandikie tena. Mimi ni mzee, sipendi kusoma ugomvi.

Lali Shee


Magwagwa
11 Juni 2023

Fundi,

Barua yako nimeipata. Ilikuwa na mistari tisa. Nimeishi kwako miaka, nimekula mezani pako, nimekusikia ukizungumza kuhusu boriti moja tangu alasiri mpaka magharibi, na sasa nimepata mistari tisa na anwani ya duka.

Nimefikiri sana sababu yake ni nini. Nadhani ni yale niliyokuandikia, kwamba hata ningekuwa Mwislamu, hata ningekuwa na mabwana watatu. Labda yalikufikia vibaya. Au unaona aibu watu wa Siyu wajue kwamba unaandikiana na mwanamke anayetajwatajwa barazani kwa wazee. Kama ni hivyo, sema. Nimezoea kuambiwa niondoke.

Uliniomba nisikuandikie ugomvi. Nakuandikia, kwa sababu sina mwingine anayejua thamani ya msingi.

Tarehe mbili nilikwenda Nyamache kununua mbao. Niliporudi jioni, wanaume wanne waliotumwa na Gibson walikuwa wameung'oa msingi wote. Mawe waliyarundika kando ya barabara kama takataka. Mahali pa chumba walipanda migomba kumi na miwili. Walikuwa wameimwagilia hata maji.

Niliketi juu ya lile rundo. Watu walipita, wengine wakinisalimia, wengine wakitazama pembeni. Gibson alikuja akasimama mbele yangu. Nilidhani atacheka, lakini alionekana amechoka. Akaniambia, "Gesare, rudi pwani. Mimi nina watoto watano. Wewe una nini cha kuweka humo ndani?"

Nilimjibu kwamba nina mimi.

Migomba yake sikuikata. Niliichimbua moja moja na mizizi yake, nikaenda kuipanda kwenye mpaka wake, mstari ulionyooka, ili asiseme nimemharibia. Kisha mimi na Ruth tukayarudisha mawe. Imetuchukua siku sita. Mgongo wangu haunyooki. Msingi uko mahali pake, na safari hii nimeuchimba chini zaidi kwa futi moja.

Kesho naenda mahakama ya Nyamira kumpinga Gibson asiandikishwe shamba lote peke yake. Gibson hajui kwamba ile karatasi tata aliiandika mara mbili. Ya pili alimwachia karani mwenzake wa zamani, Mzee Mose, naye amenipa.

Ukitaka kunijibu, jibu. Usipotaka, nitajua.

Gesare


Siyu
4 Julai 2023

Mwanangu,

Nimeandika waraka huu mara nne. Nitaupeleka huu wa nne hata ukiwa mbaya.

Sikukuonea aibu. Nalijionea mimi.

Nyumba sikuitengeneza dari. Nimeiuza. Mwezi wa Februari, kabla barua yako ya kwanza haijafika, alikuja mtu wa Nairobi anayetaka nyumba ya kupumzikia. Wana wa ndugu zangu wawili waliofariki, walioko Mombasa, walitaka kuuza tangu zamani. Wao hawajalala humo hata mara moja. Nami nalichoka, Gesare. Kila masika nalipanda paa kuziba, kila kusi naliteremka kukwangua chumvi. Nikasema, na iende.

Warithi tulikuwa wanne. Wana wa ndugu zangu wawili, na mimi, na dada yangu Mwanaesha. Ile karatasi ilikuwa na mahali pa watu wanne. Wale wakaweka sahihi zao, nikaweka yangu, ikabaki yake. Wakauliza, dada yuko wapi? Nikasema hajui kusoma, nitamwekea mimi.

Mwanaesha amesomesha Kurani nusu ya wanawake wa mtaa wetu.

Naliliandika jina lake kwa mkono wa kushoto, mwandiko usifanane na wangu. Kisha nikamwambia dari ni mbovu, akae Faza. Yuko huko hata leo, akingoja dari. Kila wiki huniletea salamu na kuuliza boriti zimefika? Nami namjibu kwamba zi njiani.

Nalipokuandikia umwachie ndugu yako ile robo eka, hukuwa wewe niliyekuwa nikimwambia. Nalitaka nisikie mtu akikubali, ili nami nipate kulala. Wewe ukakataa. Ukaniandikia yule Gibson alivyowaambia wazee kwamba karatasi ameiacha mjini. Mwanangu, naliweka barua chini nikatoka nje. Gibson wako namjua. Namwona kila ninapotawadha.

Na nalitaka awepo mtu mmoja duniani anayeniona bado kama mwenye nyumba. Ndiyo sababu sikukuambia. Ndiyo sababu nilitaka barua ziende dukani, kwa kuwa nyumbani pameshawekwa mlinzi wa yule bwana, nami nalala kwa Obo.

Mwezi huu wanaanza kubomoa ukuta wa zidaka. Anataka dirisha la kioo lielekee ghuba.

Nisamehe.

Lali


Magwagwa
16 Julai 2023

Fundi Lali,

Usiniombe mimi msamaha. Si jina langu uliloandika kwa mkono wa kushoto.

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama posta, nikaisoma tena kando ya mto. Nilitaka kukuchukia, na kwa siku tatu nilifaulu. Halafu nikaona kwamba umenipa kitu ambacho Gibson hajanipa: umesema ulichofanya.

Sasa malizia. Nenda Faza. Usimwandikie, usimtume mtu, usingoje Mungu afungue njia nyingine. Mwambie Bi. Mwanaesha mdomo kwa mdomo, mbele ya bintiye, na umwambie pia mkono uliotumia. Kisha nyamaza umwache yeye aamue. Akikufukuza, toka. Ukifanya hivyo, tutaandikiana. Usipofanya, hii ndiyo barua yangu ya mwisho kwako, na ukuta ule nitauchora kwa kumbukumbu yangu bila kutaja jina lako.

Na kwa kuwa umesema kweli, nami nakuambia yangu. Nilikudanganya. Tangu tulipomzika tata sijachora. Nilikuwa nafungua rangi asubuhi na kuzifunga. Sikujua ninachora kwa haki gani. Huku naambiwa nachora misikiti, huko pwani si kwetu, na mkono ulikuwa ukisimama hewani.

Wiki iliyopita ulirudi. Nachora ule msingi: mawe ya mto, mekundu kwa udongo, na mvua imesimama ndani yake kama maji ya birika. Nauchora jinsi nilivyochora kuta za Siyu, polepole, kwa sababu hivyo ndivyo nilivyofundishwa kuangalia. Nairobi wameniandikia kwamba maonyesho yameahirishwa. Ni sawa. Sitachora ndizi kwa ajili yao.

Gesare


Siyu
2 Septemba 2023

Kwa Gesare,

Asalaam aleikum. Ni mimi Mwanaesha ninayeandika. Hizi herufi zenu nalijifunza ukubwani, katika madarasa ya gumbaru, basi usicheke mwandiko. Lali alisema sijui kusoma. Soma mwenyewe uone.

Alikuja Faza siku ya Jumatatu. Nalikuwa nakaanga mahamri. Akasimama mlangoni akayasema yote, na mkono wa kushoto akautaja. Binti yangu alipiga kelele. Mimi nikamaliza kukaanga, maana unga ulikuwa umeshaumuka. Kisha nikavaa buibui langu nikaenda Lamu kwa Kadhi.

Kadhi aliniuliza, una ushahidi gani kwamba sahihi hii si yako? Nikaomba kalamu. Nikaandika jina langu kwa herufi za Kiarabu na kwa zenu, mara saba, mbele yake. Akaita Lali. Lali akakiri. Uuzaji umesimamishwa, na yule bwana wa Nairobi ana mawakili, lakini mimi nina nyumba, maana nimeingia na mkeka wangu na sitoki.

Wamekwisha kubomoa sehemu ya ukuta wa zidaka. Pana tundu ambalo ng'ombe aweza kupita. Nalala humo na tundu lake, nimetundika kanga mbili. Walinzi walikuja wakaniambia ni hatari. Niliwaambia hatari ni wao.

Lali namfanya ajenge upya kwa mikono yake. Ana miaka sabini na minne, na Obo humsaidia kunyanyua mawe. Chakula nampa. Neno la msamaha bado sijampa. Likija litakuja.

Sasa jambo lililonifanya nikuandikie. Hapo penye tundu safu zote zilivunjika pamoja, naye hakumbuki safu ya tatu ilikuwa na zidaka ngapi. Yeye asema sita, mimi nasema saba. Twagombana kila siku. Wewe uliuchora. Tuletee.

Mwanaesha binti Shee


Magwagwa
12 Novemba 2023

Bi. Mwanaesha, shikamoo. Fundi Lali, shikamoo.

Picha mmeipata, nimeona risiti ya basi. Ni ile ile Gibson aliyowaonyesha wazee, na sihitaji irudi. Bi. Mwanaesha, umeshinda: safu ya tatu ina zidaka saba. Kinachoonekana cha nane, kule mwisho kulia, nilikiongeza mimi kwa sababu picha ilielemea upande mmoja. Usimruhusu Fundi akijenge.

Sasa niwape habari za huku.

Nyumba yangu imesimama. Ni chumba kimoja kikubwa na kingine kidogo, matofali ya kuchoma, paa lenye upenu mrefu kama nilivyoelekezwa. Ukuta wa ndani una safu tatu za zidaka, nyekundu, bila plasta. Fundi, ni mbaya kidogo upande wa kushoto, nilijenga mwenyewe. Mzee Obwocha alikuja kuutazama. Alitia mkono ndani ya kimoja, akautoa, akasema kwake hakuna pa kuweka miwani.

Mahakamani kesi itatajwa Machi. Karatasi ya pili ya tata imepokelewa. Wakili wa Gibson anasema inaweza kuchukua miaka. Nilimwambia nitakuwa nyumbani.

Gibson aliposhindwa kunizuia kujenga, alizuia njia. Shamba langu liko chini, na kulifikia nilikuwa napita uani kwake. Mwezi uliopita alizungusha waya wa miiba kutoka kwa zizi hadi mtoni. Upande wa pili ni chai ya mama, imefungana kama ukuta, mtu hapiti bila kuchanika. Nilikuwa na nyumba isiyo na mlango wa dunia. Kwa wiki mbili nilizunguka kwa Ruth, nikivuka mto mara mbili, nikibeba maji, rangi na mkaa kichwani. Maji yalipojaa nililala kwa Ruth. Gibson aliambia watu wa soko kwamba nimejenga kisiwa.

Mama aliyasikia hayo yote. Aliendelea kuchuma chai yake. Niliacha hata kumtazama.

Jumatano iliyopita nilikuwa ndani napanga rangi zangu, nikasikia jembe. Nilitoka. Mama alikuwa juu kwenye chai yake, amejifunga leso kiunoni, anang'oa michai. Mnajua nyinyi hamna chai huko, basi niwaeleze: mchai wa miaka arobaini una mzizi mnene kama paja, na hakuna mtu anayeung'oa, kwa sababu ndio karo, ndio sukari, ndio dawa. Mama ana miaka sabini na mbili. Alikuwa anachimba kuzunguka shina, anakata mizizi kwa panga, anavuta, anasukuma kando, anahamia unaofuata.

Nilikimbia nimsaidie. Alininyooshea kiganja nisimame.

Gibson alikuja mbio. Alimwambia aache, akamwambia watu wanatazama, akamwambia anang'oa chakula cha wajukuu zake. Mama aliendelea mpaka shina lile likaachia. Ndipo akajinyoosha.

"Huu mstari niliupanda nikiwa nimekubeba wewe mgongoni," akamwambia. "Sikuandikiwa na mtu. Nikitaka kuupanda nitaupanda, nikitaka kuung'oa nitaung'oa. Shika jembe au utoke njiani."

Ni hayo tu. Sijawahi kumsikia mama yangu akisema maneno mengi hivyo kwa mkupuo, na kwa mzaliwa wake wa kwanza. Gibson alisimama. Nilimwona akitazama ile mizizi, nikadhani kwa muda kidogo atalia. Hakushika jembe. Ila alitoka njiani.

Baada ya hapo mama aliniruhusu. Ruth naye akaja. Tuling'oa michai thelathini na mmoja, mstari mzima, tangu barabarani hadi kwangu, na ilikuwa saa kumi tulipomaliza. Tukabaki na ukanda wa udongo mwekundu, upana wa watu wawili, umenyooka.

Nilitangulia nyumbani kuwasha moto wa chai. Niliacha mlango wazi. Mama alinawa mikono na miguu kwa Ruth, akafungua leso, akaikung'uta, akaifunga tena vizuri kama mtu anayekwenda kanisani. Akashuka na ile njia taratibu. Alipofika kwangu hakuingia. Alisimama nje ya mlango uliokuwa wazi, akapiga hodi, akangoja nimkaribishe.

Wenu,
Gesare Ongeri